Nyigu Nyumbani: Kiota Kiondolewe Lini, na kwa Nini Moto Usitumike

Wakazi wa Manispaa ya Moshi na vijiji vya miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo, wanashauriwa kutotumia moto wala mafuta ya taa kuondoa viota vya nyigu katika makazi yao. Nyigu hutafuna nyuzi za mti, huzilainisha kwa mate na kuzijenga, hivyo kiota chao ni karatasi kavu. Mara nyingi huning'inia kwenye kenchi za mbao chini ya bati, juu ya dari yenye mahindi au kando ya nyasi za mifugo. Mwenge unaokiteketeza kwa sekunde chache unaweza kuondoka na paa zima. Wananchi waliouona mlima ukiungua kwa siku kadhaa Oktoba 2020 hawahitaji kuelezwa jinsi moto unavyosambaa katika majani makavu.

Kabla ya kukiondoa, mwananchi ajiulize kama kuna haja. Nyigu huwinda viwavi ili kulisha mabuu yao, kazi yenye thamani katika kihamba cha migomba, kahawa, maharage na mboga. Wale wanaofinyanga viota vya udongo ukutani huishi mmoja mmoja, hukusanya buibui, na ni nadra kumuuma mtu. Kuwahangaikia ni kujisumbua. Kiota kilicho juu ya mti au ndani ya ua wa masale usiopitiwa kiachwe. Kinachostahili kuondolewa ni kile cha mlangoni, chooni, kwenye banda la ng'ombe, au kwenye mibuni inayokaribia kuchumwa.

Kiota kichanga chenye nyigu wachache kishughulikiwe mapema. Kazi ifanyike jioni baada ya giza kuingia, nyigu wakiwa wametulia. Mhusika avae nguo nzito za mikono mirefu, glovu na wavu wa usoni, akinyunyizie maji ya sabuni kwa bomba la mkono, kisha akiangushe kwa mti mrefu akiwa amesimama chini. Asipande ngazi, kwa kuwa anayeumwa akiwa juu huanguka. Kiuatilifu kiwe kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na kitumike kama lebo inavyoelekeza. Kiota kikubwa, au kilichofichika ndani ya dari, kisiguswe; mwananchi aombe msaada wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba ya dharura 114. Endapo ni nyuki, aitwe mfugaji nyuki mzoefu. Watoto wakatazwe kurushia kiota mawe.

Nyigu haachi mwiba, hivyo mmoja aweza kuuma mara nyingi; mwiba wa nyuki hubaki mwilini na ukwanguliwe mara moja. Aliyeumwa aondoke eneo hilo, avue pete, aoshe kwa sabuni na kuweka kitambaa cha maji baridi. Uvimbe wa mahali palipoumwa hupungua baada ya siku chache. Hatari ni kuvimba midomo, ulimi au koo, kuhema kwa shida, vipele mwili mzima, kutapika au kizunguzungu. Dalili hizo huweza kuua katika muda mfupi, hata kwa mtu aliyewahi kuumwa bila madhara. Mgonjwa asitembezwe wala kusubiri asubuhi. Hospitali za KCMC na Mawenzi zipo mjini Moshi, lakini kwa aliye kijiji cha juu safari ianzie kituo cha afya kilicho karibu zaidi. Aliyeumwa na nyigu wengi kwa pamoja, hasa mtoto, apelekwe hata kama hana dalili hizo.