Masafa: Neno Lililogeuka Maana

Neno wimbi ni la watu wa pwani, nasi wa Nyanda za Juu tumelipokea kama mgeni. Hapa Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa, bahari iko kilomita zipatazo 500 kwa barabara, na maji tuliyo nayo ni ya Ruaha Mdogo. Wimbi ambalo wengi wetu tulilisikia likitajwa kwanza lilikuwa la redio. (Huko Kenya wimbi ni ulezi pia, lakini hilo tuwaachie wenye uji wao.)

Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikisikika jijini tu. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Redio Tanzania Dar es Salaam. Katika lugha ya redio tukazoea masafa ya kati na masafa mafupi. Masafa, kwa asili yake ya Kiarabu, ni umbali, na naliona kuwa chaguo la busara kubwa, kwa sababu umbali kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kinachofuata ndio urefu wa wimbi. Wimbi lenye mitikisiko 1,000,000 kwa sekunde lina urefu wa mita 300. Hilo ni la masafa ya kati. Lenye mitikisiko 6,000,000 lina mita 50, nalo ni la masafa mafupi. Ajabu ni kwamba hayo mafupi ndiyo yafikayo mbali zaidi, maana tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme huyarudisha ardhini, ng'ambo ya milima.

Kisha ikaja FM, na neno likageuka. Mtangazaji asemapo "masafa ya 100" hataji umbali tena. Ataja mitikisiko milioni 100 kwa sekunde. Kwa kuwa mawimbi yote ya redio huenda kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, mitikisiko ikiongezeka urefu hupungua, na wimbi hilo lina mita 3 tu. Basi masafa makubwa ya leo ni masafa mafupi kupita yale mafupi ya jana! Mwanafunzi akichanganyikiwa, asilaumiwe.

Hata aina za mawimbi zinaelezeka kwetu bila taabu. Tikisa kamba: kamba yapanda na kushuka, wimbi lasonga mbele, likikingamana na mtikisiko. Sauti ni kinyume, kwani hewa hubanwa na kuachiwa kufuata njia ileile ya wimbi. Sauti huhitaji hewa, maji au kitu kigumu. Wimbi la redio hupita hata penye utupu.

Mwaka 1982 tume ya Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Serikali ikabakiza Kiingereza. Mwaka 1990 TUKI ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia: istilahi zikawa tayari, darasa likiwa limefungwa. Mpaka leo mwalimu hueleza kwa Kiswahili, huandika ubaoni kwa Kiingereza, na mtihani hauulizi alichoeleza.

Rai yangu ni kwamba masafa yarudishiwe urefu, na hesabu ya mitikisiko iitwe marudio. Watangazaji watanipinga, nami nazingoja hoja zao.