Mrima: Asili na Maana ya Jina

Pwani inayoelekea kisiwa cha Unguja, tangu Vanga kaskazini hata upande wa Rufiji kusini, huitwa Mrima. Watu wake ni Wamrima, na lahaja yao Kimrima. Richard Burton alilitumia jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1860. Mara nyingi huelezwa kuwa ni jina la mahali tu, nalo huachwa hapo bila ya kuulizwa lilianzia wapi.

Asili yake ni neno mlima. Kubadilishana kwa l na r si jambo geni: pacha mmoja huitwa Kulwa au Kurwa, na Wakikuyu, ambao mlima kwao ni kirima, wana r pale penye l ya Kiswahili. Ushahidi mzuri zaidi uko Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya. Hapo pana kilima chenye msitu wa kaya, na jina lake ni Mrima tu. Siku hizi huitwa Mlima Mrima, ndiyo kusema neno moja limetajwa mara mbili pasipo msemaji kutambua.

Lakini Bagamoyo na Saadani hazina mlima. Ni nchi ya mchanga, mikoko na mashamba ya chumvi. Basi kwa nini iitwe hivyo? Jibu lapatikana baharini. Kutoka Pemba, anga likiwa safi, milima ya Usambara huonekana. Na nahodha anayeikaribia pwani iliyo chini huona vilele vya nyuma yake kabla ya kuona minazi. Jina hili lafaa zaidi kuwa la watu wa visiwani na wa vyomboni kuliko la wenyeji, kwani aliyesimama Saadani hana sababu ya kuiita nchi yake mlima.

Yawezekana kutolewa hoja nyingine. Katika Kinyarwanda na Kirundi, umurima ni shamba. Huenda basi Mrima ilikuwa nchi iliyolimwa, kinyume cha Nyika iliyo nyuma yake. Fikira hii yapendeza, ila haina nguvu. Mswahili husema shamba au konde, wala hana mrima kwa maana hiyo, hali kile kilima cha Kwale kipo.

Matamshi mawili yalipokwisha kugawana kazi, mlima likabaki neno la kila siku na Mrima likawa jina la nchi, tena lisilo na wingi. Baadaye neno bara, lenye asili ya Kiarabu, lililokuwa likitaja nchi ya ndani, likapanuka hata likaimeza pwani yenyewe. Tangu Muungano wa mwaka 1964, Mzanzibari avukaye kwenda Bagamoyo husema aenda Bara. Mrima limebaki zaidi katika vitabu na katika jina la lahaja, kama katika uchunguzi wa W. H. Whiteley juu ya Kimtang'ata, uliochapishwa mwaka 1956.