Mali Kauli na Karatasi ya Wasifu

Baada ya laasiri siku moja, kijana wa mtaani kwetu Shela, hapa Malindi, alinijia barazani na karatasi mbili zilizopigwa chapa vizuri, akanipa shikamoo, kisha akasema, "Maalim, nisomee wasifu wangu kabla sijaupeleka, kuna kampuni inataka wauzaji." Nikausoma mwanzo hata mwisho, nikakuta mwaminifu, mchapakazi na mwenye bidii, lakini sikukuta bidhaa hata moja, wala mteja, wala shilingi, ilhali namjua kuwa kwa miaka mitatu amekuwa akipokea samaki kwa wavuvi alfajiri na kuwauza majumbani na mahotelini.

Zamani katika pwani hii muuzaji hakujiandikia sifa. Shahada yake ilikuwa ulimini mwa mwingine. Mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, rubani aliyempeleka hata Calicut alitolewa na mfalme wa mji, na kauli ya mfalme ikatosha kuwa hati yake. Na mwaka 1844 Seyyid Said wa Unguja alimpa Krapf, mmisionari Mjerumani, barua kwa maliwali wake wa pwani, akiwaarifu kuwa ni mtu mwema na kuwataka wamsaidie. Hata mgeni kutoka Ulaya hakuwa na njia ila kujulishwa na mwenye kujulikana.

Lakini mambo haya yalidhihiri zaidi katika tijara. Huko Takaungu, walikohamia baadhi ya Mazrui, watawala wa Mombasa, baada ya Seyyid Said kuutwaa mji huo mwaka 1837, Wagiriama walikuwa wakileta pembe, sandarusi na nafaka kutoka bara, na wafanyabiashara wa mjini wakachanjiana nao undugu ili njia iwe salama. Mtu asiye na rasilmali, akitaka kuuza, alikwenda kwa tajiri akapewa nguo au ushanga kwa mali kauli, yaani bila ya kulipa chochote mkononi, kwa ahadi kwamba thamani yake itarudi bidhaa zikishauzwa. Tazama jina lenyewe: mali iliyosimama juu ya kauli. Tajiri hakuuliza kama mtu huyu ana bidii. Aliuliza mara ya mwisho alichukua kwa nani, kiasi gani, na alilipa lini, na majibu yake yalikuwa yakizunguka sokoni kabla ya mwenyewe kufika dukani. Nami naamini kwamba hayo maswali matatu hayajapata kuzidiwa na swali lolote linaloulizwa leo katika ofisi za kuajiri.

Wala tusiipambe zamani hiyo kupita kiasi. Mashamba ya mtama na ufuta ya Malindi, yaliyofufuliwa katika miaka ya 1860 chini ya himaya ya Seyyid Majid wa Unguja, yalilimwa na watumwa, na mtumwa hakuwa na wa kumsemea ila bwana wake, hata utumwa ulipokomeshwa kwa sheria mwaka 1907.

Kisha ikaja karatasi, nayo haikuja kwa heri. Wagiriama, waliozoea kuuza mavuno yao wenyewe, walikataa kuipa serikali ya kikoloni vijana wao wakatumikie mashamba ya watu, na mwaka 1913 mwanamke wao, Mekatilili wa Menza, akawalisha kiapo cha kukataa. Baada ya Vita Kuu, sheria ya 1915 ya kuwaandikisha Waafrika ilipoanza kutekelezwa, Mwafrika mwanamume aliyefika umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, akakining'iniza shingoni ndani ya kikasha cha bati. Humo mlikuwa na alama za vidole vyake, na mwajiri aliandika siku ya kumwajiri, mshahara, na siku ya kumwachilia. Hii nayo ilikuwa tarikhi ya kazi ya mtu, bali iliyoandikwa na mkono usio wake, na asiyetiwa sahihi ya kuachiliwa hakuweza kuajiriwa kwingine. Udhalili ule uliendelea hata sheria ilipobadilishwa mwaka 1947.

Kwa hiyo siidharau karatasi ya yule kijana, maadamu kalamu sasa ni yake. Wasifu na sifa ni maneno ya shina moja la Kiarabu, na asili ya maana yake ni kueleza kitu kilivyo. Kusifia kumekuja baadaye. Nikamwuliza yale maswali ya tajiri wa Takaungu. Akanyamaza kidogo, akaenda kwao mbio, akarudi na daftari la shule lililolowa maji ya chumvi pembeni, lenye safu nne alizopiga mwenyewe kwa rula: jina la nahodha, kilo, mteja, siku ya kulipa. Kila mstari ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu, isipokuwa mmoja.

"Huyu je?" nikauliza.

"Huyo atalipa Ijumaa, Maalim."

Tukaanza kuandika upya kutoka katika daftari, na mahali pa mdhamini akatia jina la nahodha wake wa kwanza.