Hela ya Mboga: Kijerumani na Msamiati wa Chakula

Mama wa Tindiga, wilayani Kilosa, anapodai hela ya mboga, hutamka neno la Kijerumani pasipo kuhisi ugeni wake. Mboga hapo si majani peke yake. Ni kitoweo chochote cha ugali au wali. Hela nayo ni Heller, sarafu ndogo iliyopewa jina la mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, ilikofuliwa tangu Zama za Kati.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Kijerumani iliigawa rupia katika heller 100 badala ya pesa 64. Kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuwalazimisha wananchi kutafuta fedha. Ujira ulipatikana mashambani na katika ujenzi wa reli ya kati, ulioanza Dar es Salaam mwaka 1905, ukapita Kilosa na kufika Kigoma mwaka 1914. Hela ikazoeleka mikononi, kisha vinywani.

Jikoni hali ni tofauti. Chapati, biriani na achari ni ushahidi wa maingiliano ya muda mrefu na watu wa Bara Hindi na Uajemi. Kijerumani, kwa upande wake, hakikuacha jina la chakula au kinywaji lisilo na utata. Hata bia haitoi ushahidi wa kutosha, kwani Bier ya Kijerumani na beer ya Kiingereza zote zingezaa umbo hilohilo. Neno shule halina utata huo: limetokana na Schule, ilhali skuli ya Zanzibar imetokana na Kiingereza.

Hivyo basi, maneno ya mkopo huonesha mahali watu walipokutana. Mhindi na Mwarabu walikuwa majirani wa dukani na mtaani. Mjerumani alikutana na wengi darasani, penye kodi na penye ujira.

Waingereza waliitwaa Kilosa mwaka 1916, na katika miaka ya 1920 shilingi ikachukua nafasi ya rupia. Sarafu ikatoweka, neno likabaki na kupanuka maana: sehemu moja ya mia ya rupia ikawa jina la fedha yoyote, hata mamilioni. Kijerumani hakikuingia chunguni, lakini neno lake ndilo linalotajwa kila siku kabla chungu hakijainjikwa.