Akili ya Kuundwa katika Umbo la Mtu

Tuseme mgeni amewasili Dongobesh, katika nyanda za juu za Mbulu. Umbo lake ni la mtu, na moyo wake hupiga kama wa mtu, lakini akili iliyomo ndani yake imeundwa na mafundi. Je, wenyeji wangemtambua kwa dalili gani? Swali hili laonekana geni, walakini historia yake ni ndefu.

Mwaka 1637 Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika kuwa mashine yenye sura ya mtu ingefichuliwa kwa njia mbili. Kwanza, ingeweza kutamka maneno, lakini isingeweza kuyapanga ili kujibu maana ya kila linenwalo mbele yake. Pili, hata kama ingewashinda watu katika kazi kadha wa kadha, ingeshindwa katika nyingine, kwa kuwa haitendi kwa maarifa. Mwaka 1950 Alan Turing wa Uingereza aliuweka mwili kando: mwulizaji asimwone amjibuye, bali asome majibu yaliyopigwa chapa, kisha aamue.

Mtihani wa namna hiyo ungekuwa mgumu katika nchi ya Mbulu. Huko husemwa Kiiraqw, cha jamii ya Kikushi. Kidatoga, cha jamii ya Kiniloti. Kihadza, chenye sauti za kualisha ulimi. Na Kiswahili, cha jamii ya Kibantu. Mgeni angepimwa kwa lugha nne zisizo na udugu. Hata hivyo, ulimi si shahidi mwaminifu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, huko Marekani, alitangaza programu iitwayo ELIZA, ambayo ilimrudishia msemaji maneno yake kwa umbo la maswali bila kuelewa lolote. Na bado watu waliifunulia siri za mioyo yao. Leo zipo programu zitungazo majibu ambayo Descartes aliyadhani muhali.

Basi, tuuchungue mwili? Eksirei, aliyoivumbua Röntgen mwaka 1895, ingefichua chuma kichwani. Lakini akili iliyooteshwa katika nyama isingeonekana hivyo. Tena historia ya nchi yatuonya. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, macho yao mekundu yakishikwa kuwa ushahidi, kumbe wekundu ule ulitokana na moshi wa jikoni. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haikuyakomesha mauaji hayo.

Kwa hiyo naona kipimo kilicho salama zaidi ni kuishi pamoja: kulima, kuzika, kukopeshana, kuahidi na kudaiwa ahadi. Kipimo hiki ni cha polepole, na huenda kisitoe jibu la mwisho. Lakini kabla ya kuuliza jinsi ya kumfichua asiye mtu, yatupasa kuuliza ni nani atakayeumia tukikosea. Mgeni asiyejua lugha yoyote kati ya zile nne angeshindwa mtihani wetu siku ya kwanza, naye ni mtu kama sisi.