Ukoo, Dola na Kura: Urithi wa Kiti Garissa

Historia ya chaguzi za bunge la Uingereza katika karne ya 18 huelezwa aghalabu kupitia makabaila na ardhi zao. Old Sarum ni mfano uliokithiri: mji uliohamwa ambao uliendelea kupeleka wabunge wawili London hadi mageuzi ya 1832. Thomas Pitt aliununua, na mwaka 1735 mjukuu wake William akaingia bungeni kupitia mji huohuo.

Mfano huu unamulika Garissa kwa kiasi fulani tu. Yusuf Haji alipofariki Februari 2021, mwanawe Abdulkadir alitwaa kiti cha useneta bila kupingwa. Wapigakura hawakuitwa vituoni. Vivyo hivyo, jimbo la Oxfordshire lilikaa bila ushindani tangu 1710 hadi 1754, na ushindani ulipozuka, William Hogarth aliuchora kwa kejeli.

Hata hivyo, misingi ya nguvu hizo mbili haifanani. Kabaila alimiliki shamba la mpangaji wake, na mpangaji alitaja chaguo lake hadharani. Garissa kura ni ya siri, na malisho ni ya jamii. Jina la Haji lilikuzwa na utumishi wa dola: mkuu wa mkoa, mbunge wa Ijara kuanzia 2002, waziri wa ulinzi kuanzia 2008, seneta kuanzia 2013. Katika eneo ambalo Wasomali walisusia uchaguzi wa 1963, na lililotawaliwa kwa sheria za hali ya hatari hadi 1991, mtu wa kufungua milango ya serikali alikuwa hazina ya ukoo mzima.

Kwa mantiki hii, kiti ni amana kuliko mali. Wazee wa koo hukubaliana juu ya wagombea kabla ya siku ya kura, nao wanaweza kuihamisha amana hiyo. Maafikiano hayo yana faida ya kupunguza uhasama. Lakini baraza la wazee ni la wanaume, na asiyeketi humo hukuta uamuzi umekwisha kupitishwa. Ndiyo maana ushindi wa Sophia Abdi Noor huko Ijara mwaka 2017, akiwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa jimbo Kaskazini Mashariki, una uzito: ulipatikana kwa sababu kura ilipigwa.