Urefu wa risasi nzima

Urefu wa risasi nzima hupimwa kutoka kitako cha ganda hadi ncha ya kichwa. Kwa wanaojaza risasi kwa mkono, kipimo hiki ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la shabaha. Risasi ya bastola ya 9×19 mm, ambayo urefu wake haupaswi kuzidi milimita 29.69, ina nafasi ndogo ndani ya ganda: kichwa kikizamishwa milimita moja tu zaidi, baruti ileile huwaka mahali finyu, shinikizo likapanda sana ilhali kasi huongezeka kidogo. Katika bunduki ndefu, kichwa kikisogezwa mbele shinikizo na kasi hupungua kidogo, mpaka kiguse mwanzo wa mifuo ya mtutu. Hapo shinikizo hupanda upya. Anayebadilisha urefu hupunguza baruti kwanza, kisha huiongeza polepole.